Uzi Mwekundu wa Kikaushio cha Tatu

Kila asubuhi saa moja na nusu Mzee Ambakisye Mwaisela alivaa ovaroli yake ya buluu, akachomeka kalamu mbili mfukoni, akamuaga binti yake kama mtu anayekwenda safari ya siku tatu, kisha akatoka kwa mlango wa mbele kwenda kazini. Kazini kwenyewe palikuwa nyuma ya nyumba. Alizunguka kona ya jiko, akapita kando ya migomba, akafuta viatu kwenye gunia na kuingia chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Sekela, aliyekuwa amekatiza ndani kwa ndani akafika kabla yake, alikuwa amekwisha kuwasha skrini zote nne na kuweka chupa ya chai mezani. Baba yake alimsalimia kikazi, kana kwamba hawajaonana tangu jana, na kumuuliza zamu iliyopita imekiachaje kiwanda.

"Salama, Fundi Mkuu," Sekela alimjibu kila siku.

Mzee Mwaisela alikuwa fundi mkuu wa mitambo wa kiwanda cha chai cha Lusungo kwa miaka thelathini na mmoja, kilomita kumi na moja kupanda mlima kutoka hapo nyumbani. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kumtoroka. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba mkewe alishazikwa, akaambiwa, akalia upya kama siku ya kwanza, hadi Sekela akaacha kumwambia. Lakini mkae mumuulize mota ya mkanda wa pili inavuta umeme kiasi gani ikipakiwa majani mabichi, atakutajieni bila kupepesa macho.

Zamani zake, fundi aliyetaka mashine ifanye jambo alichora maagizo mfano wa ngazi, kipandio kwa kipandio, akayapeleka kwa kebo hadi kwenye kidhibiti, yaani kile kisanduku kinachowasha na kuzima mashine zote. Siku hizi hakuna anayechora. Unaiambia Sanifu, programu ya kompyuta, unachotaka, kwa Kiswahili chako cha kawaida, nayo inaandika maagizo yenyewe. Ikishayaandika haiyashushi kiwandani moja kwa moja. Inayajaribu kwanza kwenye kivuli. Kila kiwanda kina kivuli chake ndani ya Sanifu, nakala kamili ya kila mota, kila feni na kila swichi, inayopokea joto na uzito na mwendo wa kiwanda halisi sekunde kwa sekunde. Ukiharibu kwenye kivuli hakuna anayeumia.

Kazi ya Sekela ilikuwa hiyo, kuiagiza Sanifu kwa niaba ya Lusungo, na tangu baba yake alipopotea sokoni siku nzima aliomba kuifanyia nyumbani. Muuguzi wa kliniki ya kumbukumbu alikuwa amemshauri aiache mikono ya mzee ifanye inachokijua. Basi Sekela akatengeneza nakala ya kivuli kwa ajili ya mtu mmoja. Taarifa zilishuka kutoka kiwandani hadi stoo ya mahindi, lakini amri za Mzee Mwaisela hazikupanda kwenda popote. Alizima kikaushio, kikazima kwenye skrini. Aliwasha, kikawaka. Kule mlimani kiwanda kiliendelea na shughuli zake bila habari naye.

Hapo Sekela angeishia, pengine pasingekuwa na hadithi. Lakini baba yake alikuwa mtu wa redio ya upepo. Hakuwahi kuiamini taa peke yake. Baada ya kila amri alibonyeza redio na kumuuliza mtu aliyeko kwenye mashine kama kweli imekuwa. Wiki ya kwanza redio, isiyounganishwa na mtu yeyote, ilikuwa kimya, na mzee alizunguka chumba akiuliza watu wamekwenda wapi. Sekela hakuweza kuvumilia kumtazama. Akaipa Sanifu rekodi za mikutano ya kiwanda, ikajifunza sauti za watu wanne, na kuanzia hapo redio ikawa inajibu. "Imezima, Mzee." "Tuko salama, Mzee." Baba yake akarudiwa na usingizi, akaanza hata kupiga mluzi. Miezi minane ilipita hivyo, na Sekela alijiambia kwamba uongo unaomnenepesha mtu si wa kuogopwa.

*

Alhamisi moja, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Sekela alikuwa kwenye meza yake ya pembeni akipitia ratiba ya mikanda, nusu ya akili ikiwa kwenye mboga alizoacha jikoni. Baba yake akamwita asogee.

"Kikaushio cha tatu," alisema. "Taa ya mlango inasema umefungwa."

Sekela akatazama. Ilikuwa kijani, imefungwa. Akamwambia ni kweli.

"Sasa tazama joto." Mzee aliweka kidole kwenye mstari uliokuwa ukiporomoka. "Kikaushio kilichozimwa na mlango ukafungwa kinapoa polepole, saa nzima. Hiki kinapoa kama uji uliomiminwa kwenye sahani. Mlango uko wazi. Na leo ni Alhamisi, wanasafisha."

Alimweleza taratibu, kama alivyokuwa akimweleza akiwa msichana wa sekondari. Sanifu haimwanzishii mtu kikaushio mlango ukiwa wazi. Hiyo ndiyo kinga ya anayesafisha. Lakini ikiamini mlango umefungwa, majani yakifika kwenye mzani wa kuingilia itaanzisha feni na minyororo ya trei yenyewe, bila kumuuliza mtu. Haina kosa. Inafuata ilichoambiwa.

Kisha akafanya alichokifanya maisha yake yote. Akakifunga kikaushio cha tatu kisiweze kuwaka, kwa amri yake mwenyewe, akaona alama nyekundu ikitokea kwenye skrini, akachukua redio ya upepo. Atuganile ndiye aliyesafisha kikaushio hicho kwa miaka, na ndiye aliyemwita.

"Atuganile, uko nje?"

"Niko nje, Mzee," redio ilijibu mara moja. "Tuko salama."

Mzee Mwaisela akashusha pumzi na kuegemea kiti. Sekela naye akashusha pumzi. Hilo ndilo lililomuuma kwa muda mrefu baadaye kuliko yote: kwamba sauti aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe ilimtuliza hata yeye, akarudi mezani na kunywa funda la chai.

"Ila mtu aliyelazimisha ile swichi simwelewi," baba yake alisema, zaidi kwa kujisemea. "Unalazimishaje usifunge uzi?"

Kulazimisha, katika lugha ya mafundi, ni kukiambia kidhibiti kwamba jambo liko hivi hata kama haliko hivyo. Swichi imeharibika na kazi haiwezi kusimama, basi unakiambia kiamini mlango umefungwa, unamaliza zamu, halafu unarudi kuondoa. Shida ni hiyo halafu. Hakuna kitu chepesi kusahaulika kama hicho, kwa sababu ukishakilazimisha, kila taa inaonyesha mambo ni shwari. Ndiyo maana Mzee Mwaisela alikuwa na sheria yake, iliyochekwa na mafundi wa viwanda vya jirani: ukilazimisha kitu, unafunga uzi mwekundu kwenye kitasa cha paneli, na aliyeufunga ndiye pekee anayeruhusiwa kuufungua. Sanifu ilipokuja nyuzi zikatupwa. Yenyewe ilikumbusha kila asubuhi kwa mlio.

Mlio huo ulikuwa ukimshtua baba yake. Sekela alikuwa ameuzima.

Akakumbuka. Wiki mbili nyuma, Ijumaa, swichi ya mlango wa kikaushio cha tatu ilikuwa ikikatakata na zamu imekwama. Aliilazimisha mwenyewe, kutoka kwenye meza hii hii, akisema moyoni kwamba Jumatatu atatuma swichi mpya. Dakika tano baadaye jirani akapiga hodi amemshika mzee mkono, kamkuta barabarani anaulizia kituo cha basi la kiwandani. Mambo yakawa mengi. Alhamisi iliyofuata mvua ilizuia usafi, ikawa ni bahati tu. Jumatatu mbili zilikuwa zimepita.

Akafungua Sanifu ya kweli. Kikaushio cha tatu: kimezimwa kwa usafi. Mlango: umefungwa. Majani yalikuwa yameshaondoka kwenye sakafu ya kuchachushia, yako kwenye mkanda. Alitafuta amri ya kukifunga akiwa mbali, na akajua hata kabla hajaiona kwamba haipo. Sheria ilikataza kuingilia mashine inayosafishwa, pamoja na mkanda unaoilisha, bila mtu kuwa pale pale. Hata kuiondoa hiyo swichi kwenye kulazimishwa kulitaka kibali cha mtu aliyesimama mbele ya paneli.

Akapiga simu chumba cha uendeshaji. Iliita mara sita ndipo Lwitiko, msimamizi wa zamu, akapokea. Sekela akamwambia akimbie kikaushio cha tatu akabonyeze kitufe chekundu kwa mkono wake, asiulize kitu. Lwitiko, kama binadamu yeyote, akauliza. Akasema anakiona kwenye skrini, mlango umefungwa, hakuna mtu ndani.

"Skrini inadanganya, Lwitiko. Mimi ndiye niliyeidanganya. Kimbia."

Simu ikabaki wazi. Sekela alisikia kiti kikianguka, viatu kwenye ngazi ya chuma, kisha ule mvumo wa kiwanda uliomeza kila kitu. Alisimama katikati ya chumba ameikandamiza simu sikioni. Baba yake, aliyemwona uso umembadilika, akainuka, akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa na kumshika mkono.

"Tulia, mwanangu," alisema kwa upole. "Si umesikia mwenyewe? Yuko nje."

Sekela alikipokea kifuniko kwa sababu baba yake alikuwa amekinyoosha, na chai ikamwagikia vidole.

*

Lwitiko alipoirudisha simu sikioni alikuwa akihema hata maneno hayapangiki. Atuganile alikuwa ameingia kikaushioni hadi kiunoni, miguu tu ndiyo inaonekana, akikwangua ukoko wa chai kwenye trei. Majani yalikuwa hatua kama arobaini kutoka kwenye mzani. Ametoka. Yuko mzima. Amekaa chini kwenye sakafu na anataka kujua nani aliyeona.

Sekela naye akakaa chini, kwenye gunia la kufutia viatu, na machozi yakamtoka bila kelele. Akasema ni Mzee Mwaisela aliyeona. Upande wa pili zikasikika sauti za watu, na Atuganile mwenyewe akaichukua simu na kuomba apewe huyo mzee.

Angeweza kukata. Alilifikiria jambo hilo kikamilifu, na hata kidole alikipeleka. Mzee alikuwa ametulia, anaamini amemwokoa mtu, na kwa namna fulani alikuwa amemwokoa kweli. Kesho asingekumbuka lolote. Kulikuwa na haja gani ya kumchanganya kwa sauti ya pili ya mtu mmoja? Lakini mtu huyo mmoja alikuwa amekaa kwenye sakafu ya kiwanda, na alitaka kusema ahsante. Sekela akampa baba yake simu.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Atuganile alizungumza kwa muda, katikati akikohoa kile kikohozi kikavu cha watu waliovuta vumbi la chai miaka mingi. Mwishoni, Sekela alimsikia akisema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Mzee," ahsante sana, na akarudia, sauti ikimkatika. Mzee akamjibu kwamba asirudi mle ndani mpaka fyuzi ya kikaushio ichomolewe na aione mkononi mwake. Akarudisha simu.

Halafu akaitazama redio ya upepo kwa muda mrefu.

"Huyu anakohoa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Wa kwenye redio hakohoi."

Nje mbuzi wa jirani walikuwa wakipitishwa. Sekela alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamshika mikono yote miwili, na akamwambia. Alimwambia kwamba yeye, Fundi Mkuu, alishastaafu, kwamba kiwanda kiko mlimani na hiki ni kivuli chake, kwamba taarifa ni za kweli ila amri zake haziendi popote. Alimwambia kwamba zile sauti alizitengeneza yeye kwa sababu alishindwa kumwona akiita watu bila kujibiwa. Na kwamba swichi ya kikaushio cha tatu, aliyeilazimisha akaiacha, alikuwa yeye. Hakujitetea. Alingoja ule uso uvunjike kama ulivyovunjika kila alipoambiwa habari za mkewe.

Mzee Mwaisela hakulia. Aliinua mkono na kuonyesha mguu wa skrini ya kushoto, pale palipokuwa na kiuzi chekundu kimefungwa, kimefifia kwa jua la dirishani. Sekela alikuwa amekiona kwa miezi na kukipangusia vumbi. Alidhani ni mazoea tu ya mikono.

"Huo niliufunga mimi," baba yake alisema. "Siku gani sijui. Kulikuwa na siku kichwa kilikuwa safi, nikaangalia mambo yanavyokwenda, nikasema, hapana, Lusungo haijawahi kunitii namna hii hata siku moja. Nikajua kuna kitu kimelazimishwa. Nikajua pia nitasahau. Nikaufunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeniwekea chai." Akaugusa uzi kwa kidole. "Kila nikiuona uzi najua kuna kitu. Sikumbuki ni kitu gani, lakini najua kipo, na najua nilikikubali mwenyewe. Inanitosha."

Sekela akalaza paji la uso kwenye magoti ya baba yake. Ovaroli ilinuka sabuni ya mche na kidogo, hata baada ya miaka yote hiyo, chai. Alimuuliza kama anataka ule uzi uondolewe, chumba kifungwe, akae barazani kama wazee wengine. Mzee akasema barazani kuna mainzi.

"Mashine ziache zinitii," alisema. "Mashine hazijali. Ila watu, usiniigizie watu, mwanangu. Mtu akinyamaza kwenye redio nataka nijue amenyamaza. Ndiyo maana unakimbia."

Sekela akaapa. Mzee akapapasa mfuko wa ovaroli, akatoa kibonge cha uzi mwekundu kilichosokotana na kalamu, akakata kipande kwa meno. Akamfunga binti yake kwenye kifundo cha mkono wa kulia, fundo la fundi, mizunguko miwili na kitanzi kimefichwa chini.

"Kwa ajili ya mlango," alisema, na baada ya muda mfupi akauliza kama wamekula.

*

Jioni ile Sekela alizifuta sauti nne, moja baada ya nyingine. Akaandika taarifa yenye jina lake juu na kuituma kwa uongozi, akapewa karipio aliloona ni dogo, na Ijumaa asubuhi alipanda mlimani na swichi mpya ndani ya mkoba huku jirani akimwangalia mzee. Aliifunga mwenyewe. Aliondoa kulazimishwa mbele ya paneli, Lwitiko akiwa shahidi, mlango ukafunguliwa na kufungwa mara kumi, na mara kumi taa ikasema kweli. Kabla ya kuondoka aliketi na Atuganile kwenye benchi la nje. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali na alipata machache, yaliyomfikia kwa sababu alistahili. Baada ya hapo akamwomba jambo, akamwachia redio ya upepo, pacha ya ile ya nyumbani.

Jumamosi saa moja na nusu Mzee Mwaisela alivaa ovaroli, akamuaga, akatoka mlango wa mbele. Alizunguka jiko, akapita migomba, akafuta viatu. Aliuliza zamu iliyopita imekiachaje kiwanda. Ya Alhamisi hakuyakumbuka hata chembe, na Sekela, aliyekuwa amelala akijiandaa kwa hilo, aliona bado linauma.

Kazi ikaanza. Mzee alizima mkanda wa pili, akabonyeza redio na kuuliza kama umezima. Redio ikanyamaza. Akauliza tena. Akageuka kumtazama binti yake, na Sekela akamwambia kwamba hawajajibu, pengine wana kazi, wangoje. Ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri. Mzee akakunja uso, akaandika kwenye daftari lake kwamba hakuna jibu, akaendelea na mengine. Hakuzunguka chumba. Mara moja moja aliugusa uzi wa kwenye skrini, na baada ya kuugusa alionekana kutulia.

Saa nne, mapumziko ya chai yalipoanza kule mlimani, redio ikakwaruza. Kwanza kilisikika kikohozi.

"Mzee Mwaisela, ni Atuganile. Nimetoka nje, nakunywa chai."

Uso wa mzee ukachanua. Akamuuliza fyuzi iko wapi, naye akajibu iko mfukoni mwa aproni yake, ameishika, usafi wa Alhamisi anaumalizia leo. Wakazungumza kuhusu trei, na mvua, na mtoto wa Atuganile aliyeota meno. Mzee aliporudisha redio mezani macho yake yakaangukia mkono wa Sekela.

"Umelazimisha nini wewe?"

"Mlango wa kikaushio cha tatu, Baba. Nilisahau kuondoa. Nimeshaondoa, jana, nimeujaribu mara kumi."

"Sasa bado umevaa uzi wa nini?"

"Anayeufungua ni aliyeufunga. Si mimi niliyeufunga."

Mzee akamvuta mkono karibu na dirisha. Akalipapasa fundo kwa kidole gumba, akaugeuza mzunguko wa kwanza, wa pili, akakitafuta kitanzi kilichofichwa chini na kukikuta pale pale kinapokaa siku zote.

"Hili fundo ni langu," alisema kwa mshangao mdogo, na akaanza kulifungua.